Masta ngapi zinatosha? Mwongozo wa kuchagua choo cha chumbani, kuanzia bora hadi cha kukimbia

"Chumba masta, sebule, jiko, choo ndani, umeme wake, maji hayakatiki." Dalali yeyote wa Dar es Salaam anaweza kukuimbia maneno hayo akiwa usingizini, na linalotangulia siku zote ni masta, yaani chumba chenye choo na bafu lake humo humo ndani. Chumba kile kile, mtaa ule ule, kikiwa na choo chake kodi inapanda. Na anayejenga huko Madale au Chanika akikufungulia ramani, atakutajia masta ziko ngapi kabla hajakuonyesha jiko liko wapi.

Mimi nimepanga vyumba vya kila namna na nimejenga nyumba moja, kwa hiyo makosa mengi utakayoyasoma hapa nimeyalipia mwenyewe. Nilichojifunza ni kwamba ukinunua masta hununui marumaru wala shawa. Unanunua maji, halafu unanunua shimo la kuyapokea. Nimepanga orodha hii kwa kigezo hicho, ndiyo maana kuna aina inayopendwa sana na wenye nyumba ambayo nimeisukuma karibu na mkia.

Tupige hesabu kwanza. Familia ya watu watano, kila mtu aflashi mara tano kwa siku, tenki la choo liwe la lita 9: hizo ni lita 225 zimeshakwenda. Waoge mara mbili kwa ndoo ya lita 10 kila mmoja, lita 100 nyingine. Hapo hujapika, hujafua, hujaosha chombo. Sasa toa ndoo uweke shawa. Shawa ya kawaida inamwaga kama lita 8 kwa dakika, na kijana wa miaka 16 hatoki bafuni chini ya dakika 10. Huyo peke yake amekula lita 80 kabla ya kwenda shule. Simtanki la lita 1000 ulilodhani litakuvusha wiki ya mgao linakauka siku ya pili au ya tatu. Na choo cha nje kikikosa maji unafunga mlango wake, maisha yanaendelea. Cha chumbani kikikosa maji unalala nacho.

Nafasi ya kwanza: masta moja, na choo cha wote nyuma ya ukuta wake

Kama unajenga nyumba ya vyumba vitatu, usihangaike, chora hivi. Masta moja ya wazazi, na choo cha wote kinachoingiliwa kutoka korido, vipeane mgongo. Ukuta mmoja unabeba mabomba ya pande zote mbili, bomba moja la inchi 4 linatoa uchafu wa vyoo vyote viwili, na siku kikiziba fundi bomba anajua chemba ya kufunua.

Ukivitenganisha, kimoja mashariki ya nyumba na kingine magharibi, utalipa chini ya ardhi. Bomba la choo linataka mteremko wa kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Likizunguka nyumba mita 12, limeshashuka sentimita 30 kabla halijafika shimoni, na kwenye kiwanja tambarare hiyo maana yake ni chemba za kina zaidi, shimo la kina zaidi, na vibarua wa kuchimba wanaohesabu kwa futi.

Ukubwa usikutishe. Futi 5 kwa 7 zinatosha sinki la choo, sinki dogo la kunawia na sehemu ya kuogea. Futi 4 kwa 6 inawezekana, ila mlango ufungukie chumbani, la sivyo utagonga sinki kila ukiingia. Dirisha lazima litazame nje. Nimeona ramani ambazo dirisha la choo linapumulia korido, na mchoraji anakuambia utaweka feni; umeme ukikatika, korido nzima inajua nani alikula nini.

Kwa Waislamu, mwambie fundi mapema kibla kiko wapi. Dar na Unguja kibla ni kaskazini, karibu sawasawa kabisa, kwa hiyo sinki la choo likae kuelekea mashariki au magharibi. Hili likisahaulika, kulirekebisha ni kuvunja sakafu.

Na kuna kosa nililofanya mimi. Kabati la nguo nililiegemeza kwenye ukuta wa bafu, kwa sababu kwenye ramani palikuwa na nafasi nzuri. Fundi akanihakikishia marumaru hazipitishi maji. Ni kweli hazipitishi, lakini maungio yake yanapitisha, na yeye hakupaka dawa ya kuzuia maji sakafuni wala ukutani kabla ya kuzibandika. Masika ya kwanza nilifungua kabati nitoe kitenge cha kwenda nacho kwenye shughuli, nikakuta doti tano zimeota ukungu wa kijani kwenye mikunjo, na ule wa chini kabisa umeshikana na mbao. Nilipogonga plasta kwa kifundo cha kidole ikamwagika kama unga wa muhogo. Kwa hiyo: dawa ya kuzuia maji ipakwe sakafu yote na ipande ukutani sehemu ya shawa hadi juu ya kichwa cha mtu, na uione kwa macho yako ikipakwa. Kabati liende ukuta mwingine.

Kabla sijatoka hapa, neno kuhusu maji ya moto. Hita ndogo ya kwenye shawa inakula kama wati 5500, yaani ampea 24 hivi. Waya wa soketi wa mm 2.5 si wake. Inataka njia yake kutoka meni swichi, waya wa mm 4 au zaidi, breka yake, na athi ya kweli iliyozikwa ardhini. Dakika 10 za kuoga zinachukua karibu uniti moja ya LUKU, zidisha kwa watu wa nyumbani kwako. Tena haiwaki bila msukumo wa maji: kila mita moja ya kimo cha tanki inakupa baa 0.1 tu, kwa hiyo simtanki lililokaa kwenye mnara ulio sawa na dari huenda lisiishtue. Ama nyanyua mnara, ama nunua pampu. Mimi naoga maji ya ndoo mwezi wa saba na nimeshazoea.

Nafasi ya pili: hakuna masta kabisa

Najua, hukuja kusoma hivi. Lakini kwa mwenye vyumba viwili, kiwanja kidogo na maji ya kununua kwenye boza, choo kimoja cha korido kilichotenganishwa na bafu kinashinda masta ya kubanabana. Choo mlango wake, bafu mlango wake, sinki la kunawia nje katikati. Saa kumi na moja alfajiri, basi la shule likikaribia, watu watatu wanajiandaa kwa pamoja: mmoja chooni, mmoja anaoga, mmoja anapiga mswaki. Kwenye masta ya kila kitu chumba kimoja, mmoja akijifungia wengine wanasubiri.

Kinachopotea ni faragha ya usiku. Ukiamka saa nane unapita korido, na kama sebuleni kalala shemeji, unajifunga vizuri kwanza.

Nafasi ya tatu: chumba masta cha kupanga

Kwa anayeanza maisha hii ni hela iliyotumika vizuri, hasa kwa mwanamke anayekaa peke yake. Choo cha nje cha nyumba ya wapangaji wanane kina foleni, kina zamu ya kudeki inayoleta ugomvi, na usiku kina giza. Kuwa na ufunguo wa choo chako kuna thamani.

Ila usikague saa nne asubuhi, wakati wapangaji wengine wako kazini na maji yote ni yako. Nenda jioni. Fungua bomba la sinki, acha litiririke, kisha flashi: kama bomba linakufa hadi tenki lijae, hilo ndilo jibu la "maji hayakatiki". Flashi mara ya pili, sikiliza kama sakafu inabwabwaja kwenye tundu la kutolea maji. Ikibwabwaja, bomba la hewa halipo au shimo limekaribia kujaa. Gonga marumaru kwa vidole, zinazolia tupu zitabanduka. Pitisha kiganja ukuta wa upande wa kitanda, usawa wa goti. Onja maji. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi inamaliza koki na hita mapema huku mwenye nyumba akidai umeharibu wewe.

Halafu uliza maswali mawili ambayo dalali atataka kuyaruka: gari la maji taka likija, nani analipa, na mnagawana vipi? Chumba masta kinachochangia shimo na wenzake sita kitakuletea uchafu wao pia. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja kwa kazi yake, mwache aifanye. Na majibu yaandikwe kwenye mkataba kabla hujatoa miezi sita kwa mkupuo.

Nafasi ya nne: kuongeza masta kwenye nyumba iliyokwisha

Wengi wanakata kona ya chumba. Chumba cha futi 12 kwa 12 kikishatoa futi 5 kwa 7, kitanda cha tano kwa sita kinaingia, kabati linaingia, na wewe unapita ubavu ubavu. Sakafu nayo inavunjwa ili bomba lipite.

Njia ninayoipenda ni kuongeza kwa nje. Jenga bafu limeegemea ukuta wa nje wa chumba, na dirisha lililopo uligeuze mlango. Juu ya dirisha tayari kuna lenta inayobeba tofali, kwa hiyo fundi anakata kwenda chini tu, hagusi uzito wa ukuta. Bomba linakuwa nje tangu mwanzo. Dirisha jipya la chumba lifunguliwe ukuta mwingine, usisahau, maana nimeingia vyumba vilivyobaki gizani mchana kweupe.

Ninaiweka ya nne kwa gharama na vumbi, lakini kuna sababu moja inayoipandisha hadi ya kwanza: mzee nyumbani. Baba mwenye kisukari anaamka mara tatu au nne usiku. Hatua sita hadi chooni badala ya kufungua mlango wa nyuma na kutafuta kandambili ni jambo kubwa. Kwake weka choo cha kukaa, marumaru za sakafuni ziwe za kukwaruza, kizingiti kisiwepo, na chuma cha kushikia kifungwe kwenye tofali, si kwenye plasta.

Nafasi ya tano: kila chumba masta

Hii ndiyo inayopendwa. Kwa gesti au nyumba ya kupangisha vyumba ni sawa kabisa, kila mpangaji na choo chake. Kwa familia ni vyoo vinne vya kusugua, matenki manne ya kuvuja taratibu bila mtu kujua, na watoto wasioonana hadi chakula cha usiku.

Kisichosemwa ni harufu ya choo kisichotumika. Chini ya kila tundu la sakafuni bomba limepinda kama shingo ya bata, na maji yanayobaki kwenye ule mpindo ndiyo yanayoziba harufu ya shimo isipande. Chumba cha wageni kikikaa wiki kadhaa bila mtu, maji yale yanakauka. Mgeni anafika, unafungua mlango, na shimo linamkaribisha kabla yako. Mwaga jagi moja la maji pale kila Jumamosi, basi.

Wanaosema choo cha ndani ni mambo ya kigeni wafike Lamu. Nyumba za mawe za karne ya 18 zina choo pembeni ya vyumba vya ndani kabisa, na birika la maji ambamo walifuga visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Ila walijenga birika pia, tofauti na huyu mwenzetu wa masta nne na simtanki moja.

Ya kukimbia: choo pekee cha nyumba kikiwa ndani ya masta

Utaikuta kwenye nyumba ndogo za kupanga, vyumba viwili na sebule, ambapo mwenye nyumba alikuwa na hela ya choo kimoja na akataka atangaze masta. Tuliikaa moja mwaka mzima. Watoto walipita chumbani kwetu usiku kucha, hilo tulilizoea.

Kisha akaja mama mkwe kutoka Tanga. Nilimwandalia chai na vitumbua, akanywa nusu kikombe akasukuma kikombe pembeni. Nikamwambia, "Mama, ongeza kidogo." Akasema ameshiba. Mchana juisi hakuigusa, maji hakugusa. Nilidhani nimemkosea. Saa tisa alasiri akamwita binti yangu mdogo, akamnong'oneza, na mtoto kwa sauti ya uwanjani akauliza, "Mama, bibi anasema jirani ana choo cha nje?" Chumba cha mwanawe na mkamwana wake asingekivuka, hata angebanwa vipi. Alijitanda khanga, akashikwa mkono na mjukuu, wakavuka barabara.