Hema la kukodi, kusi la Julai na siku mbili Funzi: uzoefu wangu

Anayetaka jibu la haraka nampa hapa hapa: kisiwa cha Funzi, kusini mwa Mombasa, nitarudi, na nahodha nitampigia simu yule yule. Hema lile silikodi tena mpaka duka libadilishe vigingi.

Tulikwenda Julai, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka tisa. Jamaa wengi hapa Mombasa walituuliza, mnakwenda kulala kisiwani wakati wa upepo wa kusi, mna wazimu? Bahari imechafuka, mawingu yametanda, kila mtu anakohoa. Lakini mimi nilitaka kusi hasa. Disemba pwani yote ni wageni na muziki, huwezi kusikia wimbi. Julai Funzi inabaki na wenyewe: wavuvi, watoto wanaotoka madrasa, na yangeyange wamesimama kwenye mikoko. Baridi yake ni ya nyuzi 20 hivi usiku. Mtu wa Limuru ataita hilo joto, ila ngozi ya Majengo, ikipigwa na upepo wa bahari wenye unyevu, inadai sweta na soksi. Bebeni, hasa mkiwa na mtoto.

Hema tulilikodi duka moja la mjini, shilingi 1,000 kwa usiku, na amana ya 3,000. Kijana wa dukani alilikunjua nusu tu juu ya meza, akasema ni la watu wanne na halipitishi maji. Kosa langu ni kwamba sikumwambia alisimamishe lote nilione. Ndani ya mfuko mlikuwa na fito mbili za faibaglasi, vigingi 12 vyembamba ambavyo havikufika hata shibiri, na kifuniko cha mvua kinachoishia kiunoni mwa hema. Yale ni mavazi ya hema la kwenye nyasi, penye udongo mgumu na upepo wa kistaarabu. Aliyeliagiza hakufikiria mchanga wa pwani hata kidogo, na linakodishwa Mombasa!

Safari haina mengi: feri ya Likoni kwa miguu, ambayo hulipi, kisha matatu ya Lungalunga, unapita Ukunda na Msambweni, unashuka na kupanda bodaboda hadi kijiji cha Bodo. Mashua inakuchukua hapo.

Nahodha ndiye aliyeniweka sawa tangu kwenye simu. Mimi namwambia tuko watatu na mizigo, yeye anauliza, "Mwafika saa ngapi?" Nikamjibu saa nne asubuhi. "La, mwanangu. Ijumaa mwezi mpevu, hilo ni bamvua. Ukija saa nne utanikuta mimi na mashua tumekaa kwenye matope. Njoo saa nane." Kwa wenzangu tuliokulia mjini tukiijua bahari kutoka juu ya feri: mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, pwani yetu maji hupwa saa nne, mchana na usiku, na hujaa saa kumi, jioni na alfajiri. Hiyo ndiyo bamvua: tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Kila siku saa hizo husogea mbele karibu dakika 50. Tulifika Bodo saa nane na robo, maji yakipanda juu ya mizizi ya mikoko, mashua inaelea. Kwenda na kurudi alitutoza 3,000, na sikuona haja ya kupatana.

Kisiwani tulilala upande wa bahari, chini ya mivinje, kwa mwenyeji anayetoza 500 kwa kila mtu mzima kwa usiku. Kuna choo cha shimo kisafi na banda la kupikia. Maji ya kunywa tulibeba wenyewe, lita 20, na zilitutosha. Mimi nilikuwa nimeshachagua pa kusimamisha hema: bonde dogo la mchanga mweupe, bahari yote mbele yako. Nahodha akanishika mkono hadi kwenye mstari wa mwani mkavu, hatua kama kumi nyuma ya bonde langu. "Hapa ndipo maji yalipoishia jana. Leo yatapanda zaidi, na kesho zaidi ya leo." Tukahamia juu. Alfajiri nilipotoka nje, lile bonde lilikuwa maji matupu, na povu linachezea mahali ambapo ningemlaza mtoto.

Vigingi havikufika hata saa mbili usiku. Nilikivuta kimoja kwa vidole viwili kikatoka bila kubisha. Upepo ulipokaza, kona ya kusini ya hema ikanyanyuka, binti yetu akiwa ndani, akapiga kelele ya kweli, si ya mchezo. Mzee nahodha alikuwa bado bandani anakunywa kahawa. Akaja na viroba vitupu vya unga wa mahindi, hakusema kitu. Alijaza mchanga kiroba kimoja nusu, akakifunga shingo kwa kamba ya hema, kisha akachimba kwa viganja shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, upande unaotoka upepo. Kiroba akakilaza ubavu, kamba inatoka kwa mshazari, akafukia na kushindilia kwa kisigino. Akaniambia, "Vuta." Nilivuta kwa mikono miwili, mume wangu akaongeza nguvu, hakikutikisika. Tukaweka sita vya namna hiyo. Hema halikuondoka pale tena siku zote mbili.

Mvua lakini hakuna kiroba cha kuizuia. Ilipiga saa nane usiku, manyunyu ya kusi yale ya dakika kumi, ila yanakuja ubavu kwa ubavu na upepo. Maji yakaingia chini ya kile kifuniko kifupi, mshono wa nyuma ukaanza kudondosha juu ya mto wa mtoto. Leso mbili ziliishia hapo. Kabla ya kucha fito moja ikawa imepasuka kwa urefu. Na godoro la kupuliza msilikodi kabisa: ile hewa ya ndani inapoa na kukunyonya joto usiku kucha. Usiku wa pili tulitandika mikeka miwili na blanketi la mwenyeji, tukalala vizuri mno.

Nitende haki pia. Zipu zilifanya kazi bila kukwama, na chandarua kilikuwa kizima. Upande wa mikoko, upepo ukitulia, mbu na visubi wanakula watu, na hakuna hata mmoja aliyeingia.

Kuhusu kisiwa chenyewe sijui nianzie wapi. Jumamosi maji yalipopwa, fungu la mchanga likatokea katikati ya maji, jeupe, hakuna mtu isipokuwa sisi na kaa. Mama wa mwenyeji alitupikia changu wa kupaka na wali wa nazi, na binti yangu, anayechagua chakula nyumbani, aliomba mara tatu. Mdomoni mwa mto Ramisi tulipita kwa mashua tu, kwa sababu mle mna mamba. Asije mtu akawadanganya mkaogelee. Usiku mwenyeji haruhusu moto wala tochi kali ufukweni, maana kasa hupanda kutaga na mwanga unawarudisha. Nilimpenda kwa sharti hilo. Tulikaa gizani na mwezi wetu, tukasikia bahari.

Niliporudisha hema, duka likakata 1,500 kwenye amana kwa ajili ya ufito. Niliwaonyesha picha ya mpasuko na ya vile vigingi, nikawaeleza kwamba ufito ulipasuka kwa sababu kona zilikuwa hazishiki. Wakasema masharti ni masharti. Hilo limeniuma kuliko mvua. Mkikodi, ombeni lisimamishwe mbele yenu, pimeni kifuniko kama kinafika chini, ulizeni vigingi vya mchanga, na mpige picha kila ufito kabla ya kutoka. Na bebeni viroba vitupu sita, havina uzito.

Mimi nimemwendea fundi wa jua kali hapa mtaani, amenikatia vigingi vinane vya chuma bapa, urefu sentimita 40. Mwezi mpevu wa Agosti tunarudi. Nahodha ameshanipa saa: saa nane, Bodo.