Lami baridi ya mifuko: tathmini ya bidhaa ya kuziba mashimo ya barabarani

Maelezo yaliyochapishwa kwenye mifuko ya lami baridi hufanana karibu kwa watengenezaji wote: fungua mfuko, mimina ndani ya shimo, ondoka. Mfuko wa kilo 25 hubebwa kwa toroli, hauhitaji moto wala mtambo, na watengenezaji wengine huahidi kwamba shimo linaweza kuzibwa hata likiwa na maji. Nimeitumia bidhaa hii pamoja na kikundi cha matengenezo ya barabara za mitaa, wakati wa jua na wakati wa mvua, nami naona kwamba inastahili kuwekwa ghalani, ila agizo lile la tatu huharibu kazi ya yale mawili ya kwanza.

Tuanze na sababu ya kuwapo kwake. Lami ya moto hutoka kiwandani ikiwa na joto la takriban nyuzi 150 za Selsiasi, na inapaswa kushindiliwa kabla haijapoa hadi nyuzi 80 hivi. Kwa barabara nzima inayotandikwa upya hilo si tatizo, lakini lori linapozungushwa mitaani kutafuta mashimo yaliyotawanyika, mzigo hupoa njiani na mashimo ya mwisho hupata mabonge yasiyoshikana. Isitoshe, viwanda vingi havina hamu ya kuwasha mtambo kwa ajili ya tani moja. Lami baridi hutatua tatizo hilo kwa kuweka ndani ya mchanganyiko wa kokoto lami iliyolainishwa, ama kwa kiyeyushi chenye asili ya mafuta, ama kwa kuipasua kuwa chembe ndogo zinazoelea katika maji. Kiyeyushi au maji yanapotoka, lami hushika kokoto. Zipo pia aina mpya ambazo huwa ngumu zinapokutana na maji, na hizo ndizo zenye haki ya kudai kwamba mvua haizisumbui.

Mfuko mzuri hujulikana mara unapofunguliwa. Kokoto zinapaswa kuwa nyeusi zenye kung'aa, zilizofunikwa pande zote, na zenye ncha kali badala ya kuwa za mviringo kama mawe ya mtoni, kwa sababu ncha hizo ndizo zinazong'ang'aniana zikishindiliwa. Ukifinyanga konzi moja kwa mkono wenye glavu, donge lishikane kidogo kisha lisambaratike likisukumwa kwa kidole. Likibaki gumu, mfuko umezeeka au ulitoboka, na likimwagika kama changarawe kavu, lami ni haba. Kipimo ninachokiamini zaidi ni chupa ya kioo yenye maji safi: tia konzi ya mchanganyiko, acha hadi asubuhi, kisha tazama. Kokoto zilizobaki nyeusi ni dalili njema. Zilizoanza kuonyesha uso wa jiwe zinakuambia kwamba maji yatavua lami barabarani vilevile, maelezo ya mfukoni yaseme yatakavyosema.

Sasa turudi kwenye agizo la kumimina na kuondoka. Mapema katika miaka ya 1990, mpango wa utafiti wa barabara kuu uitwao SHRP uliweka viraka zaidi ya 1,000 katika barabara za Marekani na Kanada ili kulinganisha nyenzo na mbinu. Matokeo yake yaliwashangaza mafundi wengi: palipotumika mchanganyiko bora, kumimina na kupitisha magurudumu ya lori juu ya kiraka mara kadhaa kulidumu, katika maeneo mengi, sawa na utaratibu mrefu wa kukausha shimo, kukata kingo ziwe wima na kushindilia kwa mashine. Ubora wa nyenzo ulikuwa na uzito kuliko taratibu. Lakini hata ile mbinu fupi ilikuwa na ushindiliaji ndani yake. Lori lilipita juu ya kiraka kabla ya kikundi kuondoka. Kumimina tu, na kuwaachia wapita njia kazi ya kukandamiza, ni jambo jingine kabisa, kwani gurudumu la kwanza hurusha kokoto pembeni, na nafasi iliyobaki hujaa maji kwenye mvua inayofuata. Hizo dakika mbili za lori kwenda mbele na kurudi nyuma juu ya kiraka ndizo ninazomshauri kila msimamizi asiziruke. Binafsi huongeza jambo moja: kufagia vumbi na vipande vilivyolegea, kwa kuwa lami haishiki vumbi.

Kiasi nacho hukadiriwa vibaya. Shimo lenye nusu mita kila upande na kina cha sentimita 5 linahitaji takriban kilo 27 za mchanganyiko ulioshindiliwa vizuri, yaani mfuko mmoja unakwisha na bado pana pengo. Kikundi kinachotoka na mifuko michache kwa mtaa wenye mashimo mengi kitaishia kujaza nusunusu. Shimo lenye kina zaidi ya hapo lijazwe kwa matabaka, kila moja likishindiliwa peke yake, na la juu liachwe likiwa limeinuka kidogo, kwa sababu magari yatalishusha.

Udhaifu wa bidhaa huonekana haraka mahali pawili. Pa kwanza ni vituo vya mabasi na makutano, ambako magari mazito hufunga breki na kukata kona. Kiraka chenye kiyeyushi huchukua muda kukomaa, na shimo refu lililofunikwa juu hubaki laini ndani. Kwenye jua kali husukumwa na kuvimba pembezoni, na lami hunata kwenye matairi usipoinyunyizia mchanga mkavu. Majaribio ya AASHO, chama cha maofisa wa barabara kuu wa majimbo ya Marekani, yaliyofanywa huko Ottawa, jimbo la Illinois, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu huongezeka kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli (mhimili unaobeba magurudumu), hivyo ekseli yenye uzito maradufu huumiza barabara kama mara 16. Kwenye njia ya malori, basi, lami baridi ni huduma ya kwanza tu.

Pa pili ni pale ambapo shimo si ugonjwa bali dalili. Maji hupenya kwenye nyufa, hulainisha tabaka la msingi, na magari yanapopita huyasukuma maji hayo pamoja na udongo laini mpaka uso wa lami unavunjika. Ikiwa mtaro umeziba na maji yamelala pembeni ya barabara, unaweza kuweka mchanganyiko ghali kuliko wote na kiraka kikabaki kizima huku lami inayokizunguka ikimomonyoka. Nimeona viraka vya namna hiyo vikisimama peke yao kama visiwa, na lawama zikaelekezwa kwa mtengenezaji asiyehusika.

Kwa kilo moja, lami baridi ni ghali kuliko ya moto, kwa hiyo haifai kununuliwa kwa ajili ya eneo kubwa ambalo kiwanda kingeweza kulihudumia. Kwa mashimo machache ya dharura, hasa msimu wa mvua, naipendekeza, mradi muuzaji ataje aina ya lami, tarehe ya kutengenezwa, na iwapo kuna kiyeyushi, kwani kiyeyushi huvukia hewani na si kila mamlaka inakiruhusu. Mifuko ihifadhiwe kivulini, juu ya mbao, isipangwe kwa urefu unaoibana ile ya chini, na uliotoboka utumike kwanza.