QGIS au ArcGIS Online kwa ramani ya vifo vya opioidi?

Idara ya afya ya kaunti huko Marekani ikitaka kuwaonyesha wananchi mahali pa kupata naloksoni (dawa ya kumwokoa aliyezidisha opioidi, yaani dawa kali za maumivu zinazolevya) na maeneo yanayoumizwa zaidi na fentanili, opioidi kali mno, ArcGIS Online, huduma ya kutengeneza ramani mtandaoni, ndiyo njia ya mkato. Unapakia jedwali la anwani, unachagua rangi, kiungo kinafunguka kwenye simu ya yeyote. Ila leseni ya taasisi hulipiwa, na data hukaa kwenye seva zinazosimamiwa na Esri, kampuni yenye huduma hiyo.

QGIS, programu ya ramani iliyoanza 2002, ni ya bure, na faili hubaki kwenye kompyuta yako. Kwa data za vifo, hilo si jambo dogo: nukta moja juu ya paa la nyumba inatosha jirani kujua aliyefariki ni mtoto wa nani. Jumlisha kwanza vifo vya eneo zima. CDC yenyewe, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, kwenye WONDER, hifadhidata yake ya mtandaoni, huficha hesabu za vifo za 1 hadi 9. Shida inakuja kwenye kuchapisha: qgis2web, kiongezi cha QGIS, kinakutolea faili za ramani ya wavuti, seva ya kuziweka utafute mwenyewe.

Mimi ningesafisha data zote kwenye QGIS, kisha ArcGIS nikaipa vituo vya naloksoni na jumla za kaunti, basi.