Kikokotoo cha safari za ndege: kilomita nazikubali, saa hapana

Nilikifungua kwa sababu ya ubishi. Mdogo wangu alishikilia kwamba mtu akiondoka Saint Helena, kisiwa cha katikati ya Atlantiki ya Kusini, alfajiri, usiku wa siku hiyohiyo anaweza kulala Kisiwa cha Pasaka, kile cha Chile kilichoko Pasifiki. Nikamkatalia. Tukakubaliana kikokotoo cha mtandaoni kituamue: unaandika kiwanja cha kutokea na cha kufikia, kinakupa umbali na muda. Niliandika HLE, yaani kiwanja cha Saint Helena, nikaandika IPC, cha Kisiwa cha Pasaka, nikabonyeza (mara mbili, maana kwenye simu tangazo linaziba kitufe). Jibu: kilomita 10,500 na ushei, saa 12 na dakika 52. Mdogo wangu akapiga picha ya skrini haraka.

Kwa kilomita sina neno. Nilichukua tufe la dunia na uzi, nikaukaza kutoka kisiwa hadi kisiwa. Ukashuka kusini sawasawa na mstari wa kwenye skrini, ukakatiza Uruguay, ukapita juu ya Santiago penyewe, mji mkuu wa Chile. Sikutegemea hilo! Nikarudi kwenye kikokotoo nikaweka kituo Santiago: umbali uleule. Ila muda uliongezeka dakika 30 kamili, na hapo ndipo nilipokinasa. Kinachofanya ni kugawa kilomita kwa mwendo mmoja, kama 850 kwa saa, kisha kujumlisha nusu saa ya kupaa na kutua. Basi.

Upepo hakiujui kabisa. Santiago hadi Kisiwa cha Pasaka, kama kilomita 3,750, kinasema saa 4 na dakika 55, kwenda na kurudi vilevile. Ratiba halisi ya kwenda magharibi inakaribia saa 5 na nusu. Ukirudi, upepo ukiwa mgongoni, inapungua karibu saa nzima.

Lakini hayo ni madogo. Shida ni kwamba kimenipa muda wa ndege isiyokuwepo. Saint Helena ilianza kupokea ndege za abiria za ratiba Oktoba 2017. Njia ya kurukia ina urefu wa mita 1,950 hivi, ukingoni mwa majabali yenye upepo mkorofi, na inayotua hapo ni ndege ya aina ya Embraer E190 kutoka Johannesburg, kwa kawaida mara moja kwa wiki. Tena husimama Namibia kujaza mafuta, ili ikishindwa kutua iweze kurudi. Maana yake abiria wetu anaanza kwa kuipa kisogo safari yake: mashariki mpaka Johannesburg, ndipo aivuke upya Atlantiki hadi São Paulo, kisha Santiago, kisha Mataveri, kiwanja cha Kisiwa cha Pasaka. Nilizijumlisha hatua hizo kwa kikokotoo kilekile, moja baada ya nyingine, zikapita kilomita 17,000. Na hapo hujahesabu kusubiri, wala hujaulizwa ulifika uwanjani siku gani ya wiki.

Nakipa nyota 3 kati ya 5. Kwa miji mikubwa yenye ndege kila siku, makadirio yake yanatosha. Kwa viwanja vya pembezoni kingeandika tu chini ya zile saa, "hakuna ndege ya moja kwa moja," ningekiongezea ya nne.

Mdogo wangu hajakubali kushindwa. Picha ya skrini bado anayo, na kila nikitaja Johannesburg anaitoa.