Nilimtafutia Mwanaidi nyimbo tisa, programu ikaniletea mia

Mwanaidi ni mkunga wa jeshi aliyetoroka vitani na mkoba wa dawa usio wake. Hayupo duniani. Ni mhusika wangu katika mchezo wa mezani, wa kuigiza wahusika kwa maneno na dadu, tunaoucheza watu watano kila wiki, na kabla ya kikao huwa nasikiliza nyimbo zake nusu saa, ili nikikaa mezani niwe nimeshajivua mimi nikamvaa yeye. Kazi hiyo nimeifanya miezi minane kwa programu moja ya muziki ya kulipia.

Orodha ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Niliandika "vita" na "shujaa" kwenye kisanduku cha kutafutia, nikaletewa ngoma nzito na kwaya zinazopiga kelele, mapigo 140 kwa dakika, wimbo baada ya wimbo. Nikazibeba zote. Siku hiyo Mwanaidi aligombana na kila mtu, mpaka mwenye nyumba ya wageni aliyetaka tu kumpa chumba. Msimamizi wa mchezo akaweka dadu chini, akaniuliza, "Leo umetuletea nani?"

Kilichoniokoa si programu, ni karatasi ya mhusika. Dungeons & Dragons, mchezo ulioanza mwaka 1974, katika toleo lake la 2014 humtaka mchezaji ajaze mambo manne: tabia, msimamo, kinachomfunga na watu au mahali, na kasoro. Nikaanza kutafuta wimbo kwa kila kisanduku cha karatasi hiyo badala ya kuutafutia ujasiri wake wimbo. Kasoro ya Mwanaidi ni kwamba huondoka bila kuaga. Kwa hiyo nilitaka wimbo unaokatika. Nilisikiliza kama arobaini hivi, nikaupata mmoja ambao kiitikio kinakaribia kurudi mara ya tatu, mpiga gitaa anavuta pumzi, halafu kimya. Umeisha. Nilicheka peke yangu jikoni.

Maneno ya nyimbo niliyapunguza. Yanasimulia mno, na Mwanaidi si mtu wa kujieleza. Mwaka 1936 Sergei Prokofiev alitunga hadithi ya muziki ya watoto, kila mhusika akampa ala yake: ndege fluti, bata obo, babu basuni. Nikajiuliza wangu ni ala gani. Klarineti, ile sauti yake ya chini inayotembea kwa kunyata. Baadaye nikakumbuka kwamba Prokofiev aliitumia kwa paka. Basi, ndiyo huyo huyo.

Sasa programu yenyewe. Inachokifanya vizuri ni kuunganisha nyimbo: unachagua sekunde ngapi mwisho wa mmoja upandane na mwanzo wa mwingine. Naweka sita. Nina wimbo wa gwaride unaofuatwa na bembelezi, na kwa sekunde hizo sita matarumbeta yanafifia huku sauti ya mama inaingia kwa chini. Hapo ndipo Mwanaidi alipo, kuliko katika wimbo wowote mzima.

Mapendekezo yake sasa! Ukiweka wimbo mmoja wa huzuni, inakumwagia huzuni mia. Haielewi kwamba anayelia muda wote hachezeki. Mhusika ananoga pale nyimbo zake zinapobishana. Tena orodha ikiisha haikubali kunyamaza. Ule wimbo wangu unaokatika ulikuwa wa mwisho kwa makusudi, nitoke nao hadi mezani, lakini kila mara ulifuatiwa na kibao cha kuchezea harusini. Kitufe cha kuzuia hilo kipo. Nilikipata mwezi wa tatu, kimefichwa ndani ya mipangilio, chini ya vitu vya ubora wa sauti.

Kilichoniudhi zaidi ni wimbo wa saba. Siku moja niliukuta umepauka, haubonyezeki, umeondolewa bila taarifa. Niliwaandikia, wakanijibu kwa shukrani ndefu na hakuna kingine. Tangu hapo majina ya nyimbo zote tisa nayaandika nyuma ya karatasi ya mhusika, kwa kalamu.

Nyota tatu kati ya tano. Nimelipia mwezi mwingine, kwa ajili ya zile sekunde sita.