Uzoefu wangu na EDGE: hesabu ni nyepesi, kazi iko kwenye ushahidi

Nimetumia EDGE, mfumo wa kutoa vyeti kwa majengo yanayookoa nishati, maji na vifaa, kwenye jengo la makazi la ghorofa nne, kuanzia michoro hadi cheti cha mwisho, na ninawaandikia hasa wenzangu mnaoshinda saiti. Mfumo huu ni wa IFC, shirika lililo katika Kundi la Benki ya Dunia. Sharti lake halizunguki: jengo lipunguze angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 ya kaboni inayotokana na utengenezaji wa vifaa vya ujenzi, likilinganishwa na jengo la kawaida la aina yake mahali hapo. Mliozoea LEED, mfumo mwingine wa vyeti vya majengo, ambako pointi 40 kati ya 110 zinakupa cheti cha ngazi ya chini, huku hakuna kukusanya pointi. Ukipungukiwa kwenye maji, nishati haikuokoi.

Programu yenyewe naipenda sana. Inatumika kwenye intaneti, na kuifanyia majaribio ni bure. Malipo yanakuja ukiomba cheti. Unaingiza mahali, aina ya jengo na ukubwa wake, nayo inakupangia jengo la kulinganishia. Mwenye jengo letu alitaka vioo vitupu upande wa magharibi. Nilikaa naye, nikapunguza madirisha kidogo kidogo huku asilimia ya nishati ikipanda mbele ya macho yake. Akaridhia mwenyewe.

Kwenye orodha ya hatua za kupunguza matumizi ndani ya programu, angalieni zile zenye alama ya nyota. Uwiano wa madirisha na kuta ni mojawapo. Hizo lazima ujaze hali halisi ya jengo, hata kama hazikusaidii.

Sasa ushahidi, maana hapa ndipo nilipotoka jasho. Kwenye hatua ya michoro unawasilisha michoro, mahesabu na karatasi za vipimo kutoka kiwandani, na ukikubaliwa unapata cheti cha awali. Ujenzi ukiisha zinatakiwa picha zenye tarehe, risiti au hati za kupokelea mzigo, na michoro ya jengo jinsi lilivyojengwa kweli, kisha mkaguzi anakuja kujionea. Mkaguzi huyo asiwe mtu aliyeushauri mradi, mtafuteni mapema.

Kihami joto cha paa kilinitesa. Kiliwekwa vizuri kabisa, lakini siku hiyo sikuwepo, na niliporudi dari ilikuwa imeshapigwa. Nilikuwa na risiti, nikawa na hati ya mzigo, picha hata moja sina. Ikabidi tufungue dari sehemu tatu, tupige picha, tufunge na kupaka rangi upya. Iliniuma, kwa sababu kazi ilikuwa safi na fundi hakuwa na kosa lolote. Tangu siku hiyo nilimkabidhi fundi mkuu jukumu la picha. Mwanzoni alikuwa akiniuliza, "Injinia, picha ya nini tena?" Baada ya kushuhudia dari ikifunguliwa, akawa yeye ndiye anayezuia watu wasifunike kitu hadi apige.

La pili ni koki. Msambazaji alileta aina nyingine, kwa sura zinafanana na zile tulizoagiza. Karatasi ilisema lita 6 kwa dakika. Nilikinga maji kwenye chombo chenye alama za lita, koki imefunguliwa hadi mwisho, saa mkononi: zikatoka 9. Tulibadilisha vichujio vya mdomoni kwenye koki zote kabla mkaguzi hajafika. Pimeni siku mzigo unapoingia, hata koki mbili tu za mfano.

Mafaili nayapanga hivi: folda moja kwa kila hatua ya kupunguza matumizi, ikibeba namba ileile inayotumika ndani ya programu, na jina la picha lina tarehe, ghorofa na chumba. Mkaguzi alipouliza kuhusu bafu la ghorofa ya tatu, nilimfungulia hapo hapo.

EDGE nitaitumia tena, tena kwa furaha. Kwenye jengo linalofuata nimeshamwomba mwenye mradi aweke kwenye mkataba wa mkandarasi kwamba kazi yoyote inayofunikwa hailipwi mpaka picha zake ziwe kwenye folda.