RAM au SSD kwanza? Uzoefu wangu na ThinkPad T450 ya stesheni

Nina stesheni ndogo karibu na chuo, Dar es Salaam. Kazi zenyewe mnazijua: kuchapa, kutoa kopi, kuskani vyeti, kuwajazia watu maombi ya mkopo na ya ajira. Kompyuta ni moja tu, ThinkPad T450 niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 5, RAM (kumbukumbu ya muda inayoshika kazi ulizofungua) ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 500, ambamo Windows na faili zote hukaa. Mashine ngumu, kibodi yake tamu kuchapia. Ila asubuhi nikiiwasha nafagia kibaraza, napanga rimu za karatasi, nikirudi bado inahema. Mwanafunzi anasimama na flashi mkononi, anatazama simu, kisha huyoo, kavuka barabara kwa jirani.

Fundi wangu wa Kariakoo hata hakuiwasha. "Kaka, hiyo ongeza RAM tu." GB 4 iliyotumika, shilingi 45,000.

Hela nilikuwa nayo, lakini kwanza niliirudisha kompyuta stesheni nikaitazame vizuri. Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikafunguka Task Manager, dirisha linaloonyesha RAM na diski zinatumika kiasi gani. Zile dakika za mwanzo asubuhi RAM ilikuwa 55%, diski iko 100% na haishuki. Yaani nafasi kwenye RAM ipo, kinachosubiriwa ni diski. Saa saba mchana, nikiwa na faili mbili za Word, PDF ndefu ya mtu na kurasa sita za Chrome, RAM ikafika 93%. Diski nayo 100% tena.

Hapo mchana ndipo mtu anapochanganyikiwa. RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, kisha huirudisha ikihitajika. Kwa hiyo ukiona diski imebanwa, huenda yenyewe haina kosa, inabeba mzigo wa RAM. Ya kwangu ilikuwa na maradhi yote mawili, kila moja na saa yake.

Nikarudi kwa fundi, nikamwomba tujaribu kabla sijalipa. Kusema kweli alikubali bila kununa. Betri ya ndani aliizima kwanza kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), akatoa ile ya nje, akafungua mfuniko wa chini. Nafasi za RAM ziko mbili, moja ilikuwa tupu, kwa hiyo ya zamani haikung'olewa. Kipande cha kwanza alichoshika nilikikataa: lebo yake ilisema PC3 tu. T450 inataka RAM ya aina ya DDR3L, ile ya volti 1.35, na lebo yake huandikwa PC3L. Herufi moja hiyo. DDR4, aina mpya zaidi, usiibebe kabisa, mkato wake hauko mahali pamoja, haiingii.

Alipokiweka kipande sahihi, skrini ikabaki nyeusi. Moyo ukanidunda. Akakichomoa, akasugua pini zake kwa kifutio cha penseli (nilikuwa nacho mfukoni, stesheni hiyo), akakiingiza kwa mshazari, akakilaza mpaka klipu zote mbili zikalia tik. Ikawaka, GB 8.

Nikapima kwa simu, kuanzia kubonyeza kitufe hadi Word iko tayari kuandikwa. Kabla ilikuwa dakika 4 na sekunde 50. Baada ya RAM, dakika 4 na sekunde 25. Sekunde 25 kwa shilingi 45,000! Nikamwambia airudishe kabatini, badala yake anipe SSD (diski ya chipu, isiyozunguka, yenye kasi zaidi) ya GB 256, mpya, 80,000, pamoja na kunihamishia Windows na faili zangu. Safari hii nilihesabu sekunde 41.

Kuna sababu nyingine iliyonifanya nianze na SSD. T450 haimo kwenye orodha ya kompyuta zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, maana kwa prosesa za Intel kama hii yangu inaanzia kizazi cha 8, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo mashine hii haina miaka mingi mbele. Siku nikiiacha, SSD hii ya inchi 2.5 naweza kuiweka kwenye kompyuta nyingine, au kwenye kasha la USB nikahifadhia kazi za wateja. DDR3L itakwenda na mzee wake.

Lakini RAM niliinunua pia, miezi miwili baadaye. Kwa GB 4 na SSD kazi ilikwenda, ila ikifika msimu wa maombi ya mkopo, kurasa zikiwa nane, Chrome ilikuwa inazipakia upya kila nikizirudia, na fomu niliyojaza nusu inafutika mbele ya mteja. Hilo SSD haikulitibu. GB 8 ndiyo iliyolitibu, na tangu hapo mchana RAM hucheza kwenye 65%. Kumi na sita sioni za nini kwa kazi yangu. Anayehariri video atanibishia, na ana haki.

Matengenezo haya nayapa nyota nne kati ya tano. Moja nimeinyima kwa sababu skana yangu bado ni ileile, na mtandao ukikata mteja ananitazama mimi.